Pembe Sawa Katika Kazi ya Mbao

Yako makosa ya seremala ambayo mnunuzi hayaoni siku ya kununua. Kabati limepakwa vanishi, lang'aa, bei imepatana, na wachukuzi wameitwa. Baada ya majuma mawili mlango wake hujifungua wenyewe usiku. Mtoto wa meza huingia nusu, kisha hukwama. Meza ya kulia hucheza chini ya sahani, na mama wa nyumba hukunja kipande cha karatasi akakiweka chini ya mguu mmoja. Hapo watu husema, "Mbao zilikuwa mbaya." Pengine ni kweli. Lakini mara nyingi mbao hazina hatia yo yote. Zilikatwa tu, au ziliunganishwa, bila pembe sawa.

Pembe sawa twaita ile pembe ya digrii 90, kama kona ya daftari la mwanafunzi. Wasomaji wetu walio shuleni waijua kwa hesabu. Sisi twataka kueleza jinsi inavyopatikana katika karakana isiyo na umeme wala mashine, kwa njia ya vyombo vidogo ambavyo fundi aweza kujitengenezea kwa mabaki ya mbao zake. Twaviita vielekezi, maana huelekeza msumeno na randa mahali pa kupita. Mafundi waliofundishwa kwa Kifaransa huviita gabari. Jina si kitu. Kazi yake ndiyo tunayoitaka.

Kwanza tufanye hesabu kidogo, ili mtu asidhani kwamba twashughulikia jambo dogo. Kosa la digrii 1 ni vigumu kuonekana kwa macho. Katika ubao wenye upana wa sentimita 10, kosa hilo halifiki hata milimita 2, na kijana atasema, "Litafunikwa na gundi." Lakini upande wa kabati wenye urefu wa meta 1 ukisimamishwa juu ya ubao uliokatwa hivyo, ncha yake ya juu itakuwa imehama milimita 17. Mlango wa meta 2 utahama milimita 35. Gundi gani itafunika upana wa vidole viwili? Tena fremu ina kona nne. Kona moja ikikosa, huzivuta zile nyingine tatu, na fundi huanza kulazimisha kwa nyundo kile ambacho msumeno ulikataa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika useremala ufa wenyewe ni ule wa milimita mbili.

Basi kwa nini vijana wengi hukosa pembe sawa? Si kwa uvivu. Katika karakana yetu hapa Kivu tumewaona vijana wakipima mara tatu, wakichora mstari mzuri kwa kalamu iliyochongwa vema, kisha msumeno ukaondoka mstarini polepole kama mtu anayesinzia njiani. Mguu wa kwanza hutoka vizuri. Wa pili si mbaya. Ufikapo wa kumi, mkono umechoka, jua limehama dirishani, na mwenzake anamsimulia habari za mpira. Jicho la binadamu huchoka, na mkono wake pia.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata kazi ya madawati 24 kwa ajili ya shule moja. Madawati 24 ni miguu 96, na kila mguu hukatwa pande mbili. Ndiyo mikato 192 inayotakiwa kufanana yote. Kazi ya kukata alipewa kijana mmoja aliyekuwa nasi kwa mwaka na nusu. Mama yake, mjane, alikuwa ameuza mbuzi ili amnunulie msumeno na randa. Kijana alijitahidi sana. Dawati la kwanza aliloliunga la kujaribia lilicheza. La pili vilevile. Siku ya tatu hakuja. Tulipomfuata kwao alituambia kwa sauti ndogo, "Baba, nitarudi shambani. Mimi sikuzaliwa na jicho."

Neno hilo alilisikia kwa fundi wetu mkubwa, mzee ambaye twamheshimu hata leo. Mzee hukata ubao kwa kuutazama tu, na ukiweka kipimo hukuti nafasi ya kupitisha karatasi. Kwake fundi ni jicho. Mwenye jicho na akae, asiye nalo akalime. Hakusema hivyo kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa naye. Lakini tulijiuliza: ni vijana wangapi wamerudi kwao na msumeno mpya begani, wakidhani kwamba Mungu aliwanyima kitu, kumbe walikosa vipande vitatu vya ubao na mtu wa kuwaonyesha?

Tukamrudisha kijana, tukaanza naye mwanzoni kabisa, yaani kwenye ekeri, kile kipimo cha pembe ambacho kila seremala anacho. Hapo ndipo kila msomaji anayetaka kutufuata aanzie naye. Ekeri ikiwa ya uongo, vielekezi vyote vitakavyozaliwa nayo vitasema uongo ule ule.

Kuijaribu ni rahisi. Chukua ubao ambao ukingo wake umerandwa ukanyooka kweli. Bandika mpini wa ekeri ukingoni, uchore mstari mwembamba kwa ncha ya kisu. Kisha igeuze ekeri upande wa pili, mpini ukibaki kwenye ukingo ule ule, uchore mstari mwingine kuanzia pale pale. Mistari miwili ikilaliana, ekeri ni ya kweli. Ikiachana kadiri inavyokwenda mbali, basi kosa la ekeri ni nusu ya nafasi iliyo kati yake. Ekeri iliyoanguka sakafuni mara moja tu yafaa kujaribiwa hivyo kabla ya kuaminiwa tena.

Kwa kazi kubwa kama fremu ya mlango, ekeri ni fupi mno. Hapo twatumia kamba au ufito wa kupimia. Pima sentimita 30 upande mmoja wa kona na sentimita 40 upande wa pili. Umbali kati ya alama hizo mbili ukiwa sentimita 50 kamili, kona ni sawa. Ukitaka usahihi zaidi, zidisha vyote sawasawa: 60, 80 na 100. Elimu ya pembe si ya jana. Katika kaburi la fundi mmoja wa Misri aitwaye Sennedjem, lililofunguliwa mwaka 1886 huko Deir el-Medina, ilikutwa ekeri ya mbao pamoja na vipimo vya timazi. Mtu huyo aliishi zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Fundi wake angeingia leo katika karakana yetu, angekitambua kipimo hicho ukutani.

Kielekezi cha kwanza tulichotengeneza ni sanduku la msumeno. Lina mbao tatu tu: sakafu yenye urefu wa sentimita 40 na upana wa sentimita 12 hivi, na kuta mbili zilizosimama juu yake sawasawa, moja huku na moja huku. Chini ya sakafu, upande wa mbele, hupigiliwa kipande cha ubao ili sanduku ling'ate ukingo wa meza ya kazi lisisukumike. Kisha huchorwa mstari kwa ekeri kukatiza juu ya kuta zote mbili na kushuka nyuso zake, na hapo hukatwa mwanya katika kila ukuta kwa msumeno wenye meno madogo na mgongo wa chuma. Kazi ya kukata mianya hiyo miwili apewe fundi hodari kuliko wote, wakati wa asubuhi, mkono wake ukiwa haujachoka. Atakata mara moja tu. Wengine watakata mara mia kwa kufuata njia yake. Ndani ya sanduku twapigilia kizuizi kidogo, mbali na mwanya kwa urefu ule unaotakiwa. Kila mguu husukumwa mpaka uguse kizuizi, kisha hukatwa. Hivyo pembe ni sawa na urefu ni mmoja, wala hakuna haja ya kupima tena.

Sanduku hilo nalo hujaribiwa. Kata kipande cha ubao ambacho kingo zake zina upana mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nusu moja igeuze, uso wa juu ulale chini, kisha zikutanishe tena zile ncha mbili zilizokatwa, zote zikiwa zimeegemea ubao mnyofu. Kama mkato ni sawa, nusu hizo zitabusiana bila mwanga kupita. Kama si sawa utaona pengo, na pengo hilo laonyesha kosa mara mbili ya lilivyo. Jaribio hilo latupendeza kwa sababu hata mwanafunzi wa siku ya kwanza aweza kulisoma bila kuambiwa.

Kielekezi cha pili ni ubao wa kurandia. Msumeno, hata ukiongozwa vema, huacha kichwa cha ubao kikiwa na mikwaruzo. Twachukua ubao mpana, twagandisha juu yake ubao mwembamba zaidi, na pembeni huachwa njia ya kupitia randa ikiwa imelala ubavu. Mwishoni mwa njia hiyo huwekwa kizuizi kigumu, kilichokazwa kwa skrubu, chenye pembe sawa na njia ya randa. Ubao unaorandwa huegemezwa kizuizini, ukajitokeza kiasi cha unene wa karatasi, na randa yenye wembe mkali hupita ikinyoa kidogo kidogo. Kizuizi hufanya kazi mbili: hutunza pembe, tena huzuia nyuzi za mti zisipasuke upande wa pili. Haraka haina nafasi hapo. Mtu akitoa wembe wa randa nje sana ataruka juu ya ubao, wala hataunyoa.

Cha tatu ni cha wakati wa kuunga. Mbao zaweza kukatwa vema kabisa, lakini gundi ikitiwa na vibano vikikazwa, fremu ikapinda. Kwa hiyo twakata pembetatu za tripleksi, zenye pande mbili za sentimita 20 zinazokutana kwa pembe sawa. Ile ncha ya kona twaikata, ili gundi inayotoka kwenye kiungo isiigandishe pembetatu pamoja na kazi. Pembetatu hubanwa ndani ya kona, nayo huzishika mbao mbili mpaka gundi ikauke. Asiye na vibano vya chuma afunge kwa vipande virefu vya mpira wa gurudumu kuukuu. Huvuta sana, wala haviumizi mbao. Kisha, kabla gundi haijashika, hupimwa toka kona hadi kona iliyo mkabala, njia zote mbili. Fremu ya sentimita 60 kwa 80 itatoa sentimita 100 huku na sentimita 100 huku. Kama njia moja ni ndefu, kona za njia hiyo husogezwa kidogo kuelekeana, mpaka vipimo vilingane. Ndiyo dakika tano zinazookoa kazi ya siku tatu.

Kijana yule alitengeneza vielekezi vitatu kwa siku mbili, mianya ya sanduku ikikatwa na mzee mwenyewe baada ya kuombwa kwa adabu. Kisha akaanza miguu yake 96. Mzee alitazama kwa mbali. "Hiyo ni fimbo ya kipofu," akasema. Hatukubishana naye. Dawati la kwanza lilipounganishwa, tuliliweka juu ya sakafu ya saruji tukalisukuma huku na huku, lilitulia kimya. La pili likatulia vilevile. Kijana hakusema neno, lakini kuanzia siku ile alikuwa akifika karakanani kabla yetu.

Hadithi hiyo ingeishia hapo ingetufundisha nusu tu. Siku ya tano mzee alipita karibu na lundo la miguu iliyokwisha kukatwa, akaokota mmoja, akaugeuza mbele ya dirisha, akasema, "Huu si sawa." Kijana akajibu kwa heshima, "Lakini mzee, umepita katika sanduku." Mzee akarudia, "Nimekuambia si sawa." Tukaleta ekeri: ilikuwa kama alivyosema. Tukachunguza sanduku, tukaona mianya imepanuka. Meno ya msumeno, kwa kupita mara nyingi, yalikuwa yameila kuta kidogo kidogo, na sasa msumeno ulicheza ndani yake. Miguu saba ilibidi kunyooshwa upya katika ubao wa kurandia.

Hapo mzee na kijana walikaa pamoja kwenye benchi moja. Mzee alikata mianya mipya katika kuta mpya, za mti mgumu zaidi, na kijana akamwomba amwonyeshe jinsi alivyoujua ule mguu bila kupima. Mzee akamfundisha kuutazama mkato huku mwanga ukitoka nyuma yake, na kufananisha mguu mmoja na mwenzake. Tangu siku ile ekeri kubwa ya karakana hukaa kwa mzee, na kila Jumatatu asubuhi vielekezi vyote hupitishwa mbele yake kabla ya kazi kuanza. Kielekezi hubeba mzigo wa jicho, ili lisichoke kwa mikato 192. Nalo jicho hukilinda kielekezi, kisigeuke kuwa uongo unaorudiwa mara mia. Kijana amekwisha kuondoka, ana karakana yake, na ukutani kwake twaliona sanduku kama lile.

Yafaa pia tuseme kile ambacho vielekezi haviwezi. Haviwezi kuponya ubao mbichi. Milimani kwetu Kivu imepandwa mikaratusi mingi, na mti huo, usipokaushwa kwa subira, hupinda na kupasuka. Ubao huvimba na kunywea kwa upana wake. Kwa urefu hubadilika kidogo sana. Kwa hiyo kabati lililokuwa sawa wakati wa kiangazi laweza kubana mlango wakati wa masika. Mbao zipangwe kivulini, na fito kati yake ili hewa ipite, na vichwa vyake vipakwe rangi visikauke haraka kuliko katikati. Ubao uliojipinda nao usitiwe katika sanduku la msumeno kabla ya kunyooshwa, maana hautalala sawasawa sakafuni, na mkato utakosa hata mianya ikiwa mizuri. Ili kuujua, weka vijiti viwili vinyofu juu yake, kimoja kila mwisho, uviangalie kwa kuinama: vikikatizana machoni, ubao umejisokota.

Wengine watasema kwamba siku hizi mashine zimefika, na mjini msumeno wa umeme hukata kwa dakika moja kazi ya saa nzima. Ni kweli. Lakini mashine nayo ina ukingo wa kuelekezea mbao, na ukingo huo ukihama hukata makosa kwa upesi ule ule. Aliyejifunza kujaribu sanduku lake la mbao hatashindwa kuijaribu mashine siku atakapoipata. Na penye umeme wa kukatika-katika, yule mwenye sanduku la msumeno huendelea na kazi.

Wazazi mlio na mtoto anayejifunza useremala, msimwulize tu amelipwa kiasi gani. Mwulizeni kama ameijaribu ekeri yake. Wanafunzi, mkitaka kuanza, tripleksi iliyobaki na jioni moja zatosha kwa pembetatu nne za kwanza. Nanyi mnaonunua, msione haya kwenda kwa fundi na kipande cha uzi mfukoni. Unyosheni nyuma ya kabati toka kona hadi kona, mshike kipimo kwa vidole, kisha mpime kona zile nyingine mbili. Fundi mwema hatakasirika. Huenda akaushika mwenyewe ncha ya pili ya uzi.